Mpaka Ndani ya Mashine: Historia ya Kerneli Ikisimuliwa Busia

Swali lililozaa simulizi hii niliulizwa kwenye kibanda cha fundi simu mjini Busia, saa kumi jioni, malori yakiwa yamejipanga barabarani kuelekea Uganda. Juu ya meza palikuwa na simu iliyogoma. Ilionyesha nembo ya mtengenezaji, ikazima, ikaonyesha nembo tena, ikazima. Fundi mwenyewe ni kijana wa Busibwabo, huko Matayos, ambako wengi huja mjini na boda asubuhi na kurudi jua likizama. Aliunganisha simu na kompyuta, akasubiri, kisha akanigeukia.

"Mwalimu, nikuulize kitu. Hizi simu naziflashi kila siku, na kila mahali naambiwa kerneli ndiyo mkubwa wa mashine. Sasa nikifungua WhatsApp, inayoendeshwa ni WhatsApp. Kerneli yenyewe wakati huo huwa wapi?"

Mwenzake aliyekuwa akichomelea waya akatupia lake: ikiwa prosesa hufanya jambo moja kwa wakati mmoja, nani huiambia iache programu hii ishike ile? Wa tatu, binti anayesomea kompyuta chuoni, akataka kujua kwa nini programu haiwezi kujifanyia mambo yake bila kuomba ruhusa kwa mtu.

Ni maswali ya mtu anayeanza, na ndiyo yaliyowanyima usingizi wahandisi wa Manchester, Massachusetts na New Jersey tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Niliwaambia vijana wale kwamba wao wana bahati kuliko wanafunzi wengi, kwa sababu wamezaliwa mpakani. Aliyekulia Busia au Malaba ameshaona kwa macho yake jambo ambalo vitabu vya kompyuta hueleza kwa michoro.

Lango, afisa na njia ya panya

Mwaka 1902 serikali ya Uingereza iliuondoa Mkoa wa Mashariki mikononi mwa Himaya ya Uganda na kuutia katika himaya jirani, ambayo baadaye ikawa Kenya. Mpaka ukasogea magharibi, na mstari ukapita katikati ya Wateso na Wasamia, ndugu wakabaki huku na ndugu kule. Wakazi wakazoea kuishi na mstari huo. Katika miaka ya 1960 vijana wa Busia wakaanza kubeba watu na mizigo kwa baiskeli kati ya lango la nchi moja na lango la nchi nyingine, wakiita wateja kwa maneno ya Kiingereza yaliyomaanisha kutoka mpaka hadi mpaka. Jina hilo, boda boda, leo limeenea Afrika Mashariki nzima.

Baada ya baridi kali kuunguza mibuni ya Brazil mwaka 1975, bei ya kahawa ilipaa duniani, na kahawa ya Uganda ikavuka kuja Kenya kwa magendo, usiku, kupitia vichaka na mito. Hapo ndipo kila mtoto wa mpakani alipojifunza maana ya njia ya panya.

Kwa hiyo mpaka una mambo matatu. Una lango rasmi, ambalo kila mwenye shida hupitia. Una afisa mwenye mamlaka ambayo raia hana: anagonga muhuri, anafungua lori, anazuia. Na una watu ambao wangependa kupita bila kuonekana. Mashine yoyote inayotumiwa na programu nyingi zisizoaminiana inakabiliwa na mambo hayo hayo. Kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, ni programu moja iliyopewa mamlaka ya afisa. Vitufe, picha, WhatsApp na kivinjari vyote ni raia.

Mashine isiyo na msimamizi

Zamani hapakuwa na kerneli. Kompyuta za kwanza zilitumiwa na mtu mmoja kwa zamu, kama kinu cha posho: unaleta kazi yako, unasagiwa, unaondoka, mwingine anaingia. Programu ilipoingia iliishika mashine yote. Ikikosea na kuzunguka pale pale bila mwisho, hapakuwa na kitu ndani ya mashine cha kuizuia. Mtu alilazimika kuja kubonyeza kitufe.

Mwaka 1956 watumiaji wa kompyuta ya IBM 704 katika kampuni za General Motors na North American Aviation waliandika programu ndogo iliyokaa ndani ya mashine na kupakia kazi moja baada ya nyingine, ili muda wa thamani usipotee wakati mtu akibadilisha kadi. Huo ulikuwa mwanzo wa mfumo endeshi, ila haukuwa na nguvu ya kumzuia mkorofi. Kazi iliyopakiwa ingeweza kuifuta programu hiyo kwenye kumbukumbu, na hakuna aliyekuwepo wa kusema hapana.

Jibu la kweli lilipatikana pale vifaa vyenyewe vya mashine vilipobadilishwa. Hili ndilo vijana wengi wanaoanza hulikosa: kerneli si programu hodari kuliko nyingine. Nguvu yake imechongwa kwenye prosesa. Prosesa ina hali mbili, ya mtumiaji na ya kerneli. Katika hali ya mtumiaji kuna amri ambazo prosesa inakataa katakata kuzitekeleza: kugusa diski moja kwa moja, kubadilisha ramani ya kumbukumbu, kuzima saa. Programu ikijaribu, prosesa hukatiza kazi na kuruka hadi mahali palipowekwa tayari, ambapo kerneli inasubiri.

Manchester na Massachusetts

Tarehe 7 Desemba 1962, katika Chuo Kikuu cha Manchester, ilizinduliwa kompyuta iliyoitwa Atlas, kazi ya kundi lililoongozwa na Tom Kilburn. Ndani yake ilikaa programu waliyoiita msimamizi, iliyoandikwa na timu ya David Howarth. Programu ya mtumiaji iliyotaka huduma ilitumia amri maalumu zilizoiingiza kwenye eneo lililolindwa, ikahudumiwa, ikarudishwa ilikotoka. Leo tunaita jambo hilo wito wa mfumo. Simu yako ikifungua picha, programu haiendi kwenye hifadhi yenyewe. Inaweka ombi lake mahali panapojulikana, inapiga wito, na kutoka hapo mambo yako mikononi mwa afisa.

Atlas ilileta jambo la pili, ambalo kwangu ndilo zuri zaidi. Kumbukumbu yake ya haraka ilikuwa na maneno 16,384 tu, ikigawanywa katika vipande 32, vilivyoitwa kurasa, kila kimoja cha maneno 512. Nyuma yake palikuwa na ngoma za sumaku zenye nafasi kubwa zaidi ila za polepole. Wahandisi walifanya programu ione eneo moja pana, kana kwamba lote ni la haraka. Ikigusa ukurasa ambao haupo, mashine ilikatiza, msimamizi akauleta kutoka kwenye ngoma, akauweka mahali pa ukurasa mwingine, kisha programu ikaendelea bila kujua kilichotokea. Ni kama mama anayeuza omena sokoni. Mezani ameweka sahani chache, magunia yako stoo. Mteja akiomba kisichopo, mtoto anatumwa akilete, na mteja anahudumiwa pale pale aliposimama.

Kwa njia hiyo hiyo kila programu kwenye simu hudhani kumbukumbu yote ni yake, na anwani zinazoanzia chini kabisa ni zake peke yake. Programu mbili zinaweza kutaja anwani ile ile na kupata vitu tofauti, kwa sababu kerneli imeipa kila moja ramani yake. Hapo ndipo ulinzi unapokaa. Programu haiwezi kuiba data ya jirani kwa kuwa kwenye ramani yake jirani hayupo kabisa.

Ng'ambo ya Atlantiki, katika chuo cha MIT, Fernando Corbató na wenzake walionyesha mfumo wa CTSS mnamo Novemba 1961. Walitaka watu kadhaa wakae kila mmoja mbele ya taipureta yake, wote watumie kompyuta moja, na kila mmoja ahisi mashine ni yake. Toleo lililokamilika lilitumia kompyuta ya IBM iliyobadilishwa: iliongezewa benki ya pili ya kumbukumbu kwa ajili ya msimamizi pekee, kinga ya kumzuia mtumiaji asiiguse, na saa iliyokatiza kazi kila baada ya muda mfupi.

Hapo nilimgeukia fundi wetu, kwa sababu jibu la swali lake limo katika saa hiyo.

WhatsApp inapoendeshwa, kerneli haiendeshwi. Iko kwenye kumbukumbu, imelala, kama afisa aliyeketi ofisini dereva akiwa barabarani. Ila kabla ya kuikabidhi WhatsApp prosesa, kerneli ilitega saa. Saa ikilia, prosesa huacha chochote inachofanya na kurudi kwa kerneli, WhatsApp ipende isipende. Kerneli inaandika programu ilikuwa imefika wapi, inachagua anayefuata, inatega saa tena na kuondoka. WhatsApp ikipewa zamu nyingine huendelea pale pale ilipokatizwa, na haina njia ya kujua kwamba muda ulipita. Kerneli huamshwa na mambo matatu tu: programu inayoomba huduma, programu inayokosea, na kifaa kinachobisha hodi, saa ikiwa mojawapo ya vifaa hivyo.

Binti aliuliza kifaa kinabishaje hodi. Kwenye kompyuta kuukuu iliyokuwa pale nilimwambia abonyeze herufi A. Katika kibodi za aina ile ya zamani, kitufe hicho kikishuka kibodi hutuma tarakimu 30. Kikiachiwa hutuma 158. Haitumi herufi. Tarakimu ikifika, ishara hukatiza prosesa, kerneli inaamka, inasoma 30, inatafuta katika jedwali 30 ni herufi gani, inaiweka kwenye foleni ya programu iliyokuwa ikingoja, kisha inarudi kulala. Alibonyeza tena, polepole, akaachia. Mara mbili kerneli iliamka kwa ajili ya kidole kimoja.

Kutoka Multics hadi fotokopi za Sydney

Mwaka 1965 MIT, kampuni ya General Electric na maabara za Bell zilianza kujenga mfumo mkubwa ulioitwa Multics, uliokusudiwa kuhudumia watu wengi kama stima inavyohudumia mji. Multics ilitoa wazo la mizingo ya mamlaka: mzingo wa ndani kabisa una nguvu zote, na kadiri unavyotoka nje nguvu zinapungua. Kazi ilikuwa nzito na ikachelewa, na mwaka 1969 Bell ikajitoa.

Mmoja wa walioachwa bila mradi alikuwa Ken Thompson. Kiangazi cha mwaka huo mkewe alimpeleka mtoto wao California kuwaona wakwe. Thompson akatumia majuma matatu kwenye kompyuta ndogo ya PDP-7 iliyokuwa haina kazi, juma moja kwa kila kipande kilichokosekana, na mwisho wake alikuwa na mfumo unaosimama wenyewe. Yeye na Dennis Ritchie wakaukuza, ukaitwa Unix. Ritchie akabuni lugha ya C, na mwaka 1973 kerneli ya Unix ikaandikwa upya kwa C. Hadi wakati huo karibu kila kerneli ilifungwa kwenye aina moja ya mashine. Iliyoandikwa kwa C iliweza kuhamishwa, kama mtu anayehama nyumba na vyombo vyake.

Kisha ikaja sura ambayo mtu yeyote aliyesoma Kenya kwa vitabu vya fotokopi ataielewa. Huko Sydney, Australia, mhadhiri John Lions wa Chuo Kikuu cha New South Wales alitaka wanafunzi wake wasome kerneli nzima badala ya kusimuliwa habari zake. Mwaka 1976 alichapa mistari ya Toleo la Sita la Unix, karibu 9,000, na kitabu cha pili cha maelezo, sehemu kwa sehemu. Muda si mrefu wenye Unix wakabadilisha leseni na kuzuia msimbo wao usifundishwe darasani. Kitabu cha Lions kikaenda chini ya maji. Wanafunzi wa mabara mbalimbali walikipokezana kwa fotokopi, nakala ya nakala ya nakala, herufi zikififia kila mara, hadi mwaka 1996 kilipochapishwa kwa ruhusa. Elimu nayo ilikuwa imetafuta njia yake ya panya.

Andrew Tanenbaum wa Chuo Kikuu Huru cha Amsterdam alikutana na kizuizi hicho hicho. Kwa kuwa hangeweza kufundisha kwa Unix, aliandika mfumo wake mdogo, MINIX, akautoa mwaka 1987 pamoja na kitabu chenye msimbo wake. Mmoja wa waliokinunua alikuwa mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds.

Mistari elfu kumi

Januari 1991 Torvalds alinunua kompyuta yenye prosesa ya Intel 386, prosesa iliyokuwa na hali za ulinzi na kurasa za kumbukumbu za baiti 4,096 kila moja, yaani mambo ya Atlas na CTSS yakiwa yameshuka hadi mezani kwa mwanafunzi. Alianza kwa kutaka kuielewa tu. Aliandika programu mbili zilizopokezana prosesa, moja ikiandika herufi A na nyingine B, akafurahi kuziona zikibadilishana kwenye skrini. Tarehe 25 Agosti mwaka huo alitangaza kwamba anatengeneza mfumo endeshi wa bure, akisema ni kazi ya kujifurahisha. Septemba akatoa toleo 0.01 la mfumo huo, unaojulikana kama Linux, takriban mistari 10,000. Alikuwa na umri wa miaka 21.

Tuliufungua msimbo ule kwenye kompyuta ya kibandani. Faili inayopanga zamu ni fupi kiasi kwamba mtu anaweza kuisoma chai ikiwa bado ya moto. Saa ililia mara 100 kwa sekunde. Kila programu ilikuwa na akiba ya mapigo, kwa kawaida 15, na kila saa ilipolia iliyokuwa ikiendeshwa ilikatwa pigo moja. Akiba ikiisha, kerneli ilipita kwenye orodha ya programu zisizozidi 64 na kuchagua iliyo tayari yenye akiba kubwa kuliko zote. Zote zilizo tayari zikiishiwa, kila programu iligawiwa upya, na iliyokuwa imelala ikingoja kitu iliongezewa nusu ya akiba iliyobaki nayo. Kwa hiyo programu iliyongojea kidole chako kwenye kibodi ilipoamka ilikuwa na akiba kubwa, ikapita mbele.

Fundi aliisoma mara mbili. "Kwa hivyo hakuna upendeleo," akasema, "ila mwenye kusubiri sana anahesabiwa."

Upendeleo haukuwapo, lakini haki kamili pia haikuwapo, na hadi leo wahandisi wanaitafuta. Torvalds aliandika ndani ya faili ile kwamba msimbo huu ni mzuri na huenda usihitaji kubadilishwa. Umebadilishwa mara kadhaa. Mwaka 2003, katika toleo 2.6, ulikuja mpango mpya wa Ingo Molnár uliochagua kwa muda ule ule hata programu ziwe elfu. Mwaka 2007 Con Kolivas, daktari wa Australia ambaye kazi yake ilikuwa kuwapa wagonjwa dawa ya usingizi kabla ya upasuaji, alionyesha kwa msimbo wake mwenyewe kwamba zamu inaweza kugawanywa kwa usawa ulio wazi zaidi. Molnár alilichukua wazo la usawa, akaandika mpango mwingine, ukaingia Oktoba mwaka huo. Mwaka 2023 nao ukaanza kurithiwa na mwingine. Miaka zaidi ya 30 imepita watu wakijadiliana nani apite kwanza. Dereva wa trela aliyelala kwenye foleni ya Malaba mwaka 2020, wakati vipimo vya korona vilipofanya malori yajipange kilomita kwa kilomita, hatashangaa kwamba swali hilo ni gumu.

Ofisi ngapi chini ya paa moja?

Mwishoni mwa Januari 1992 Tanenbaum alimwandikia Torvalds hadharani kwamba Linux imezeeka kabla ya kuzaliwa. Hoja yake ilikuwa ya ujenzi. Katika Linux, mpanga zamu, mifumo ya faili, mtandao na draiva (programu za kuviendesha vifaa) zote zinaishi ndani ya kerneli, kwenye mzingo wenye nguvu zote. Tanenbaum alishikilia kwamba kerneli ibaki ndogo sana, na huduma nyingine zikae nje kama raia, zikiwasiliana kwa kutumiana ujumbe.

Mtu wa Busia anaweza kulipima shauri hili bila kitabu. Kabla ya kituo cha pamoja, lori lilisimama upande wa Kenya, likakaguliwa, likavuka, likasimama tena upande wa Uganda na kuanza upya. Hata kompyuta za forodha mwanzoni hazikusemezana. Kenya ilitumia Simba tangu mwaka 2005, Uganda ilitumia ASYCUDA ya shirika la UNCTAD, na kilichoandikwa upande mmoja kiliandikwa tena upande wa pili. Tarehe 24 Februari 2018 marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walizindua rasmi kituo cha pamoja cha Busia. Msafiri sasa husimama mara moja tu, katika nchi anayoingia, na kuwakuta maafisa wa nchi zote mbili chini ya paa moja.

Ndivyo ilivyo Linux. Kila safari ya kuvuka kutoka hali ya mtumiaji hadi ya kerneli ina gharama: kuhifadhi mahali ulipofika, kubadilisha mamlaka, kurudi. Ukiziweka ofisi zote ndani, unavuka mara moja. Ukizitawanya nje, ombi moja la kusoma faili linavuka mara nyingi. Torvalds alichagua paa moja, na wepesi huo ni mojawapo ya sababu zilizoifikisha kazi ya mwanafunzi kwenye mashine za dunia nzima. Tangu Novemba 2017 kompyuta zote 500 zenye nguvu kuliko zote duniani zinaendeshwa na Linux. Android iliyokuja mwaka 2008 imejengwa juu yake, kwa hiyo karibu kila simu iliyopita kwenye meza ya fundi wetu ina kerneli hiyo ndani.

Lakini paa moja lina hatari yake, na Tanenbaum hakukosea alipoitaja. Moto ukianza kwenye ofisi moja, nyumba nzima inaungua. Tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya ulinzi wa kompyuta CrowdStrike ilisambaza faili yenye kasoro kwa programu yake iliyokaa ndani ya kerneli ya Windows. Programu ya kawaida ikikosea, kerneli huifunga na mashine ikaendelea. Aliyekosea akiwa ndani ya kerneli, hakuna aliye juu yake wa kumfunga. Mashine zipatazo milioni 8.5 zilianguka kwenye skrini ya bluu, ndege zikakwama, hospitali zikaahirisha kazi. Nyingi zilihitaji mtu wa kwenda kukaa mbele yake na kuifuta faili ile kwa mkono.

Ndiyo sababu walinzi wa Linux, yenye zaidi ya mistari milioni 30 leo, huchunguza kila kipande kinachoomba kuingia. Ndiyo sababu pia, tangu Desemba 2022, wameruhusu sehemu za kerneli kuandikwa kwa lugha ya Rust, ambayo huyanasa mapema makosa mengi ya kumbukumbu yanayoachwa na C. Wavamizi wa kompyuta nao huzitafuta njia za panya usiku na mchana: tundu moja kwenye wito mmoja wa mfumo linatosha kumgeuza raia kuwa afisa.

Simu iliyowaka

Giza lilikuwa linaingia fundi alipogundua ugonjwa wa simu ile. Aliyeileta alikuwa ameshaipeleka kwa mtu mwingine, na simu ikawekewa faili la kuwashia la modeli nyingine inayofanana nayo kwa sura. Ndani ya faili hilo ndimo kerneli inamokaa. Simu ilikuwa ikiwaka kama kawaida: programu ndogo ya kuanzishia iliipata kerneli, ikaipakia kwenye kumbukumbu, ikaikabidhi prosesa na kujiondoa. Kerneli ikaanza kuvihesabu vifaa, ikatafuta kwa draiva isiyo ya simu ile, ikakwama, ikaanguka, mashine ikajiwasha upya. Nembo, giza, nembo, giza. Afisa alikuwa ametumwa kwenye mpaka asioujua, na ramani ya mpaka mwingine mkononi.

Akatafuta faili sahihi, akahakikisha namba ya modeli mara mbili, akaiweka. Nembo ikaja, ikakaa, skrini ikafunguka. Kibanda kizima kilipumua.

Mwenzake akaichukua simu, akafungua muziki, kisha kamera juu yake, muziki ukiendelea. Akamtania fundi kwa swali lake mwenyewe: sasa hivi, kerneli iko wapi?

Fundi hakujibu haraka. Alitazama muziki ukicheza, akatazama picha ya barabara ikitembea kwenye skrini, lori likikatiza.

"Imelala," akasema. "Lakini imetega saa."

Binti alikuwa amekwisha kuhamishia ile faili ya mwaka 1991 kwenye simu yake, aisome nyumbani. Boda ya Busibwabo ilikuwa ikimngoja nje, na alipanda akiwa ameishika simu mkononi, mistari ya mpanga zamu ikiwa bado wazi.